Umbali Hadi kwa Muuguzi: Kuchagua Mafunzo ya Huduma ya Kwanza Mpakani Oraba



Swali lililonileta mbele yenu niliulizwa na kijana wa bodaboda, akiwa ameegemea pikipiki yake karibu na kizuizi cha forodha hapa Oraba, kwenye mpaka wa Uganda na Sudan Kusini. Alikuwa na karatasi tatu za matangazo. Moja ilitangaza mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku moja. Nyingine, ya siku tano. Ya tatu ilikuwa ya chuo, miezi mingi, na mwisho wake mtu anahitimu kufanya kazi ndani ya gari la wagonjwa. Akaniambia, "Mwalimu, nina fedha ya kozi moja, na hiyo ya chuo nitauza pikipiki. Nichukue ipi?"

Badala ya kumjibu nilimuuliza: ukimpata mtu ameumia, ni muda gani unapita mpaka umkabidhi kwa muuguzi? Akafikiri kidogo. Akasema, "Inategemea nani ameumia na ameumia wapi." Nikamwambia ameshaanza kujijibu mwenyewe, na kwamba siku moja nitakuja kulieleza jibu hilo mbele ya watu. Ndiyo siku ya leo.

Wengi wetu tunachagua mafunzo kama tunavyochagua daraja la shule: la juu ni bora kuliko la chini, na mwenye cheti kirefu anamzidi mwenye cheti kifupi. Mimi pia niliamini hivyo miaka mingi. Watu wawili walinibadilisha mawazo, na nitawaeleza habari zao bila kutaja majina, maana wako hai na wana heshima zao.

Wa kwanza alikuwa mchukuzi. Ilikuwa asubuhi ya soko, na lori la mabati lilikuwa likishushwa mzigo kando ya barabara ili uhamishiwe gari jingine la kuvuka kwenda Kaya. Kamba ilikatika. Bati moja likateleza, likamkata kijana juu kidogo ya goti, upande wa ndani wa paja. Damu haikuchuruzika, iliruka. Watu wakapiga mayowe. Mmoja alileta ndoo ya maji, mwingine akaja na kiganja cha majivu kutoka kwenye sigiri ili ayamimine kwenye kidonda. Mama mmoja anayeuza chai na mandazi hatua chache kutoka pale alifungua kitenge alichojitanda, akakikunja, akakisokomeza ndani ya kidonda, kisha akapiga goti juu yake kwa uzito wake wote. Alisema neno moja tu: "Gari."

Nilifika dakika chache baadaye na mkoba wangu. Nilitaka kufunua nione kidonda kikoje. Akanizuia kwa kiwiko. "Usifunue, mwalimu. Ukifunua tunaanza upya." Alikuwa sahihi. Damu inayotoka kwenye mshipa mkubwa wa paja inaweza kummaliza mtu mzima kwa dakika chache, na kila unapochungulia unaharibu bonge la damu lililoanza kuganda. Tulimlaza kijana nyuma ya pikapu, mama akapanda naye, goti na mikono vikabaki palepale njia nzima mpaka hospitali ya Koboko. Muuguzi alipomwambia aachie, vidole vyake havikufunguka. Ilibidi vinyooshwe kimoja kimoja. Kijana yule anabeba mizigo mpaka leo, ingawa akipanda lori hutanguliza ule mguu mwingine.

Mama yule alikuwa amesoma siku moja, chini ya mwembe.

Wa pili alikuwa taniboi. Lori lake lilikuwa linarudi tupu kutoka Yei, majira ya mvua, kwenye ile barabara ya udongo mnayoijua. Likazama kwenye matope. Wakaweka jeki, jeki ikateleza, mguu wa kijana ukabanwa na mfupa wa mundi ukavunjika. Dereva wake naye alikuwa amesoma kozi ya siku moja. Alifanya kila alichofundishwa: alizuia damu, alikata fito mbili, akazifunga mguuni kwa vipande vya tyubu ili mfupa usitikisike, akamlaza kijana kivulini. Kisha wakasubiri. Hakuna gari lililopita jioni ile. Usiku mguu ulivimba ndani ya vile vipande vya tyubu. Kijana alisema vidole vinamchoma, baadaye akasema vimekufa ganzi, baadaye akanyamaza. Dereva alipoona amenyamaza alimshukuru Mungu, akidhani maumivu yamepungua. Walipookotwa kesho yake mchana, vidole vilikuwa baridi na vimebadilika rangi. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Nimekaa na dereva yule mara nyingi. Huniuliza alikosea wapi, na kila mara namjibu kwamba hakukosea. Alifanya alivyofundishwa, na alichofundishwa kiliishia kwenye saa ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba jeraha la mfupa huvimba kwa saa nyingi baada ya kufungwa, kwamba kila baada ya muda uguse vidole uone kama vina joto, ubonyeze ukucha uone kama wekundu unarudi, umuulize mgonjwa kama anausikia mkono wako, na usipopata majibu hayo ulegeze vifungo mara moja hata kama ulivifunga vizuri. Kumfundisha mtu jambo hilo hakuchukui saa nzima. Lakini kwenye kozi ya siku moja halimo, kwa sababu kozi ya siku moja imetungwa kwa mtu ambaye gari la wagonjwa litamfikia upesi.

Basi kipimo ninachowapa ni hiki: hesabu saa. Chukua mahali unapofanyia kazi, chukua jeraha linalotokea sana mahali hapo, uhesabu muda wa kawaida mpaka mgonjwa awe mikononi mwa muuguzi au daktari. Usihesabu muda wa siku njema, hesabu muda wa siku ya mvua. Kama ni chini ya saa moja, siku moja ya mafunzo mazuri inakutosha. Kama ni nusu siku au zaidi, tafuta mafunzo marefu, yale yanayofundisha jinsi ya kumtunza mtu aliyeumia, na siyo kumwokoa tu.

Tukiitazama Oraba kwa kipimo hicho tunaona watu wa aina mbili wanaokula meza moja. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko mpaka hapa ni kilomita zipatazo 92, na mtu aliyeumia mchana kando ya lami anafikishwa hospitali ya Koboko bila safari ndefu. Akizidiwa, iko hospitali ya rufaa ya Arua. Huyo yuko ndani ya saa, au karibu na saa. Lakini jirani yake anayevuka kwenda Yei na Juba, au mkulima wa ndani huko Kuluba ambako pikipiki haifiki mto ukijaa, anaishi kwenye hesabu nyingine kabisa. Ukiwapa wote kozi moja, mmoja wao umemdanganya.

Fikra hii si yangu wala si ngeni. Shirika la St John Ambulance lilipoanzishwa Uingereza mwaka 1877, wanafunzi wake wa mwanzo walitoka migodini, kwenye reli na kwenye polisi, mahali ambapo watu walikuwa wanaumia. Miaka mitano baadaye, 1882, daktari wa upasuaji wa jeshi, Friedrich von Esmarch, alifungua darasa kama hilo Kiel, Ujerumani, kuwafundisha raia wa kawaida aliyokuwa ameyaona vitani. Masomo yalikuwa machache, na yaliwekwa kwenye mikono iliyo karibu na ajali. Kwetu Uganda, Msalaba Mwekundu uliingia mwaka 1939 kama tawi la ule wa Uingereza, ukapata sheria yake mwenyewe mwaka 1964.

Na hapa nyumbani jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2008 madaktari walikusanya mjini Kampala watu zaidi ya 300, polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, wakawafundisha mafunzo mafupi ya kumhudumia majeruhi. Walichagua hao kwa sababu walijua kwamba mjini Kampala aliyegongwa na gari huchukuliwa na polisi au na mpita njia, si na ambulensi. Walipofuatiliwa miezi sita baadaye, wengi mno walikuwa wameshautumia ujuzi ule. Mwaka 2016, wilayani Iganga, wakafundishwa waendesha bodaboda 154. Somo lao lilikuwa la saa chache. Ndugu zangu wa bodaboda, wenzenu wa Iganga hawakuuza pikipiki.

Kwa hiyo kijana yule baadaye nilimjibu achukue siku moja, na arudie siku hiyohiyo baada ya miezi sita. Nasisitiza kurudia. Mikono husahau upesi kuliko kichwa. Mtu aliyejifunza kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama huanza kupoteza kina na mwendo ndani ya miezi michache tu, wakati cheti chake kimeandikwa kuwa ni halali miaka miwili au mitatu. Kati ya kulipia siku tano mara moja katika maisha na kulipia siku moja mara tano, mtu wa steji achague siku moja mara tano.

Lakini siku hiyo moja iwe imekatwa kwa kipimo chake. Mwendesha bodaboda anahitaji somo ambalo karani wa ofisini halihitaji: nani hapakiwi kwenye pikipiki. Nyote mmeona mtu aliyezimia akibebwa katikati ya wawili, kichwa kimeanguka kifuani. Wanaombeba wana huruma na wana haraka. Lakini kichwa kikilala mbele namna ile njia ya hewa hujikunja, ulimi hurudi nyuma, na mtu anaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla hajafika, hali jeraha lake halikuwa la kuua. Kama shingo imeumia, kila tuta la barabarani linaiumiza zaidi. Mwendesha boda aliyefundishwa vizuri atamlaza huyo kwa ubavu, kinywa kikielekea chini kidogo ili matapishi na damu vitoke, atatuma mwenzake akalete pikapu, naye atabaki ameshika kichwa. Aliyevunjika mkono, akiwa na akili zake, atampakia. Kujua tofauti ya hao wawili ndiyo kozi yenyewe.

Sasa niseme na walimu, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 27 Agosti 2020, upande wa Arua, watoto waliokuwa wamecheza mpira walikimbilia kibanda kujikinga na mvua. Radi ikapiga. Watoto 10 walikufa. Mnakumbuka msiba ule, na wengine wenu mlikwenda kuzika. Sisemi kwamba yupo aliyeweza kuwaokoa. Siwezi kulisema hilo. Lakini ziko habari za radi ambazo kila mwalimu wa eneo letu hili la West Nile anapaswa kuzijua, na hazimo kwenye mafunzo ya siku moja ya steji.

Habari ya kwanza: mwili wa mtu aliyepigwa na radi hauna umeme. Unaweza kumgusa papo hapo. Wapo wanaosimama mbali wakiogopa kwamba radi bado imo ndani yake, au kwamba ni mkosi kumshika, na dakika zinapita. Habari ya pili: radi huua kwa kusimamisha moyo na pumzi. Mara nyingi moyo huweza kuanza tena wenyewe, lakini pumzi huchelewa, na moyo ukikosa hewa husimama mara ya pili. Anayepuliziwa hewa katika kipindi hicho ana nafasi ya kuishi. Habari ya tatu inapingana na desturi ya ajali nyingine zote. Kwenye ajali ya basi yenye majeruhi wengi, wahudumu wachache huwaendea kwanza wenye uhai unaoonekana. Kwenye radi, anayelia na kusogea kwa kawaida ataishi, kwa hiyo unakwenda kwanza kwa yule aliyelala kimya kama maiti.

Mwalimu basi ajifunze kufufua kwa mikono yake, juu ya sanamu la mazoezi, si kwa kutazama picha ukutani: kusukuma katikati ya kifua mara 30, kisha kupuliza pumzi mbili, tena na tena, mwendo wa kusukuma mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kwa mtoto kama theluthi ya unene wa kifua chake. Ajifunze mpaka mikono iume. Somo hilohilo litamfaa mtoto aliyetolewa mtoni, maana aliyezama naye amekosa hewa kwanza. Aongeze kifafa, ambacho madarasa yetu ya West Nile yanakijua: kumwondolea mtoto vitu vya kumuumiza, kutomkamata kwa nguvu, kutomtia kijiko wala kidole kinywani, kumlaza kwa ubavu degedege likiisha, na kutazama saa. Likipita dakika tano, ni hospitali. Haya yote yanataka siku mbili au tatu. Kila shule iwe na walimu wawili wenye ujuzi huo, wala si mmoja, kwa sababu yule mmoja ndiye atakayekuwa ameenda kuchukua mshahara siku mvua itakapokuja.

Madereva wa masafa na mataniboi ndio ninaowadai zaidi. Ninyi mnahitaji siku nne au tano, na mnahitaji mkufunzi anayejua njia ya kwenda Juba, atakayewaondoa darasani na kuwapeleka porini. Mwulizeni kabla ya kulipa: utatufundisha kukaa na majeruhi usiku kucha? Utatufundisha kufunga mkazo juu ya kidonda cha mguu kinachokataa kusimama damu, na kuandika saa ya kuufunga, na hatari yake zikipita saa mbili? Utatufundisha kumgeuza mtu bila kupinda mgongo, kumkinga na baridi ya usiku (maana aliyepoteza damu hupata baridi hata nchi ya joto), kumpa maji nani na kumnyima nani? Akijibu kwamba hayo ni ya kozi ya juu zaidi, ndiyo hiyo kozi yenu. Akijibu kwamba ninyi pigeni simu tu, mshukuruni mwondoke. Wenye malori walipe. Lori moja lina thamani ya nyumba, na mtu anayeliendesha hana hata bendeji ndefu kwenye kabati la mbele.

Muuguzi wa kituo cha afya ana daraja lake mwenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya huduma za dharura ya siku tano, iliyokuwa imejaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Imetungwa kwa wauguzi na matabibu wanaompokea majeruhi mahali ambapo hakuna bingwa. Naitaja kwa sababu nimewahi kumwona mfanyabiashara akitafuta kuingia kozi hiyo kwa kuwa ameambiwa ndiyo kubwa. Bila chumba cha kutibia na dawa zake, nusu ya yale masomo yangemkalia kichwani bure.

Yako mambo ambayo hayadai daraja lolote. Nyoka ni mojawapo. Kifutu yuko kwenye mashamba yetu na njiani jioni, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Yote ambayo mtu wa kawaida anaweza kumfanyia aliyeumwa yanafundishwa kwa robo saa: mtulize, mvue pete na bangili kabla mkono haujavimba, mzuie kutembea, uufunge mguu kwa fito usitikisike, umpeleke hospitali anakoweza kupata dawa ya sumu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba juu ya jeraha. Jiwe jeusi, ambalo wengi mnaliamini na wengine mnalo nyumbani, halinyonyi sumu iliyokwisha kuingia mwilini, linanyonya muda. Nasema hivi kwa heshima ya wazee waliotuachia mawe hayo. Mtu mwenye kozi ya miezi sita, akiwa shambani bila dawa, hamfai aliyeumwa na nyoka zaidi ya mtoto wa darasa la tano anayejua kukimbia kuita pikipiki.

Moto wa jikoni ni vivyo hivyo. Mafuta ya mandazi yakimwagika mkononi, au mtoto akitumbukia kwenye sufuria ya uji, dawa ni maji safi ya kawaida yanayomiminika, dakika 20 kamili, kisha kufunika kwa kitambaa safi au plastiki safi. Si mafuta, si dawa ya meno, si asali. Akina mama, dakika 20 ni ndefu mtoto anapolia. Zitimizeni.

Na lori la mafuta likipinduka, somo ni moja: ondoka. Wenzetu wa Maridi, Sudan Kusini, walipoteza zaidi ya watu 180 mwezi Septemba 2015 watu walipokusanyika kwenye tangi lililoanguka. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, walikufa zaidi ya 100 kwa namna ileile. Malori hayo yanapita mbele ya milango yetu kila siku. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, anaweza kulitoa somo hilo kwa dakika tano kila mkutano, bila mkufunzi na bila ada.

Nimebakiwa na neno juu ya lugha. Hapa mtu anaamka kwa Kikakwa, anauza kwa Kiarabu cha Juba, anagombana kwa Lingala, anaelewana na polisi kwa Kiswahili. Mafunzo mengi yanayoletwa kwetu yako kwa Kiingereza, na mtihani wake ni wa kuandika. Nimeona wachukuzi hodari, wenye mikono ya kuzuia damu ya ng'ombe, wakishindwa kwa sababu hawakuweza kuandika jina la mfupa. Daraja linalokufaa ni lile unaloweza kulikumbuka ukiwa umeogopa, na mtu akiogopa hurudi kwenye lugha ya mama yake. Mkufunzi asiyeweza kupata mkalimani wa Kikakwa asichukue fedha ya Oraba. Mhesabieni pia muda wa mikono: katika siku ya saa nane, kama mikono yenu haikushika mtu, bendeji au sanamu kwa nusu ya siku, mmehudhuria hotuba.

Mkoba uendane na ujuzi. Katika mkoba wa steji naomba glavu nyingi, gozi, bendeji pana, mkasi, na kitambaa cha pembe tatu. Glavu zikiisha, vaeni kavera, yaani mfuko wa plastiki, safi mkononi. Wakati wa Ebola ya Ituri na Kivu Kaskazini, huko Kongo, iliyotangazwa Agosti 2018, ugonjwa ulifika hadi Ariwara katikati ya 2019, jirani kabisa na mpaka wa Arua, na sote tulijifunza kunawa na kupimwa joto. Desturi ya kutogusa damu ya mtu kwa mkono mtupu tusiiache kwa kuwa hofu imepungua.

Kijana wa bodaboda alisoma siku yake moja, na pikipiki bado anayo. Dereva wa Yei naye alirudi darasani, akasoma siku tano. Alikaa mstari wa mbele na kila somo la kufunga mfupa lilipofika alikuwa wa kwanza kugusa vidole vya mgonjwa wa kuigiza.

Sasa nawaomba. Kila steji iandike majina manne ya siku moja, na wachukuzi waandike kumi, kwa sababu ajali zinaanzia kwao. Kila shule itoe walimu wawili. Wenye malori, andikeni dereva na taniboi wake pamoja, msimtume mmoja peke yake, maana anayefundishwa anaweza kuwa ndiye atakayeumia. Daftari liko pale mlangoni kwa yule mama wa chai. Ndiye atakayetufundisha somo la damu. Siku ya mazoezi njooni na kitenge cha zamani na kipande cha tyubu.